Chumvi Juu ya Barafu

Pale Masese, samaki wanakoshushwa Jinja, hakuna aliyemwita Bruhan kwa jina lake. Walimwita Barafu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, aliyezoea kusimama nyuma ya wenzake hata kwenye foleni ambayo yeye ndiye alitangulia kufika. Shule aliishia darasa la saba. Akisemeshwa na mtu asiyemjua, aliangalia viatu vyake kwanza, kisha viatu vya yule mtu, ndipo akajibu. Lakini kwa jambo moja hakuwa na mpinzani. Samaki wake walifika Mbale wakiwa na macho angavu, kana kwamba walikuwa njiani wakitazama barabara.

Wachuuzi wengine waliwarushia samaki barafu kama mtu anayefukia shimo. Bruhan alilipasua jiwe la barafu kwa nyundo mpaka likawa chengachenga, akatandaza kwenye kasha, akawalaza mputa wake, wale sangara wakubwa, tumbo chini, akamwaga chenga nyingine juu yao, kisha akanyunyizia chumvi ya mawe. Hiyo chumvi ndiyo iliyokuwa ufundi wenyewe. Alifundishwa na mzee mmoja wa Kisumu aliyemwajiri alipokuwa kijana. Barafu ikitiwa chumvi inakuwa kali kuliko ilivyokuwa, inauma vidole, na samaki anakauka mgongo kama ubao.

“Wewe Barafu,” alimtania Taban, dereva wa pikapu iliyobeba makasha yao kwenda Mbale, “unawalaza hao samaki kama watoto. Bado shuka tu.”

“Na wewe endesha kama umebeba watoto,” Bruhan alijibu, na Taban akacheka mpaka akapiga honi. Taban alikuwa askari zamani, na kucheka kwake kulikuwa kwa kambini, kwa nguvu na bila kumjali aliyelala.

Mtoto wa kweli Bruhan alikuwa naye mmoja tu, Nusifa, binti aliyezaliwa wakati yeye na mkewe Juwairiya walikuwa wameshakata tamaa. Waliishi Walukuba, kwenye chumba na ukumbi, nyumba ya zamani yenye ukuta mnene. Nusifa alimrithi mama yake sauti na akamrithi baba yake kimo. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Mwenye nyumba akija, Bruhan alimwita Nusifa.

Alipofika miaka kumi na miwili akaanza kunywa maji bila kukoma. Aliinuka kutoka kwenye chakula akaenda kwenye mtungi, akarudi, akaenda tena. Nguo zikamlegea. Juwairiya alidhani ni minyoo. Siku alipoanguka shuleni na kupelekwa hospitali, waliambiwa ni sukari, tena si ile ya watu wazima inayotulizwa kwa vidonge. Kiungo kiitwacho kongosho, kilichopo nyuma ya tumbo, kilikuwa kimeacha kutengeneza insulini. Atachomwa sindano asubuhi na jioni maisha yake yote.

“Dawa hii haipendi joto,” muuguzi wa kliniki ya sukari aliwaambia akiwakabidhi kichupa. “Mna friji?”

“Hatuna,” alisema Juwairiya.

“Basi tafuteni namna. Iwe baridi. Baridi wakati wote, mmesikia?”

Nyuma yao kulikuwa na foleni hadi nje, na muuguzi akaita jina la mwingine.

Juwairiya alikizika kichupa ndani ya mtungi mdogo uliowekwa kwenye mchanga wenye maji, pembeni ya jiko, mahali pasipofika jua. Hivyo ndivyo alivyofanya jirani yao mmoja, na ikamfaa. Nusifa alijifunza kujichoma mwenyewe pajani. Akanenepa tena. Akarudi shuleni, akarudi kumjibu mwenye nyumba. Mwaka ule wa kwanza, mtu asiyeambiwa asingejua kama binti yule ni mgonjwa.

Kisha likaja jua la Januari, lile linalokausha hata majani ya kando ya mto. Bruhan alitia mkono kwenye mtungi akakuta hewa vuguvugu. Alisimama pale muda mrefu, mkono wake ukiwa ndani.

“Hii si baridi,” alisema.

“Ni baridi ya mtungi,” Juwairiya alimjibu. “Imetutosha mwaka mzima.”

“Mtungi ni wa maji ya kunywa, mama Nusifa. Hii ni dawa ya mtoto wangu.”

Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Bruhan alikijua duniani, ni baridi. Kesho yake alileta kutoka Masese kasha dogo lenye mfuniko, akalipanga kama alivyopanga ya samaki: barafu chini, kichupa katikati kimefungwa kwenye mfuko ili kisilowe, barafu juu, na juu kabisa chumvi. Asubuhi alifungua akakuta dawa imekuwa jiwe. Alifurahi. Kwa Bruhan, kilichoganda kilikuwa kimehifadhika. Samaki aliyeganda vizuri huharibikaje? Aliisugua kati ya viganja vyake mpaka ikayeyuka, akaitikisa, akaona chembe nyeupe ndogo zikizunguka kama magamba, akaitikisa tena mpaka zikapungua. Akampa Nusifa.

Tangu siku hiyo hapakupita asubuhi bila yeye kufanya kazi hiyo. Hata akiwa na homa aliamka. Hakuna mtu aliyemwagiza, na hakuna aliyemwuliza.

Nusifa hakuanguka mara moja. Alianza kunywa maji tena, kidogo kidogo. Akawa analala mchana. Kliniki wakapima, wakaona sukari imepanda, wakamwongezea dawa. Ikapanda tena, wakaongeza tena. Ndipo siku moja daktari, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alipowainulia kichupa cha damu kilichokuwa kimesimama mezani tangu asubuhi. Chini ilikuwa damu. Juu yake palikuwa na tabaka jeupe, zito, kama lile linalotanda juu ya mchuzi wa mputa ukipoa.

“Mnaona?” alisema daktari. “Haya ni mafuta. Ndani ya damu ya mtoto wa miaka kumi na minne. Mnampa nini?”

Bruhan aliangalia viatu vyake. Ni Juwairiya aliyejibu. “Daktari, huyu mtoto tunampa samaki ngege wa kuchemsha. Mwangalie alivyokonda.”

“Mafuta na sukari kwenye damu vinakwenda pamoja. Mtu akiacha kuchoma dawa, vyote vinapanda. Nusifa, unachoma?”

“Nachoma.”

“Kila siku?”

“Asubuhi na jioni.”

Daktari alikirudisha kichupa mezani. “Damu haina sababu ya kunidanganya,” alisema.

Mlango wa chumba kile ulikuwa pazia tu, na nje yake lilikuwapo benchi la wagonjwa. Walipotoka, mama mmoja mnene aitwaye Nakato, aliyekuwa akija pale na mjukuu wake, alimtazama Nusifa juu mpaka chini.

“Haki ya Mungu,” alisema, “mwembamba kama mwiba wa samaki, eti ana mafuta! Sasa mimi nikitobolewa si yatamwagika kama ya kisima?”

Benchi likacheka. Hata Nusifa alicheka. Bruhan peke yake hakucheka. Alikuwa bado anaona lile tabaka jeupe.

Kuanzia siku hiyo Juwairiya aliondoa mafuta nyumbani. Hakuna karanga, hakuna chapati, hakuna ile ngozi ya mputa ya kukaanga ambayo Nusifa aliipenda tangu mdogo. Ugali wa posho na majani ya kuchemsha, majani ya kuchemsha na posho. Nusifa alikula bila kusema. Nguo zikamlegea kama zamani.

Jambo jingine likazidi kuwachanganya. Kila walipopewa kichupa kipya kliniki, sindano ya kwanza ilimwangusha. Ilikuwa ni jioni, mara baada ya sala ya magharibi: Nusifa anatoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyo na mpango, mpaka wamtie sukari mdomoni. Kesho yake, kichupa kikishalala kwenye barafu, hakuna kutetemeka tena.

“Dawa mpya ni kali,” Bruhan alimweleza mkewe. “Barafu inaituliza.”

Tangu hapo kila kichupa kipya alikitia kwenye kasha kwanza, kilale, ndipo mtoto achomwe. Alijiona amegundua jambo ambalo hata kliniki hawakulijua, ila aliona haya kuwaambia.

Safari iliyofuata damu ilikuwa mbaya zaidi, na ile iliyofuata ikapita hiyo. Daktari aliacha kumwuliza Nusifa. Alizungumza na baba yake moja kwa moja.

“Mzee, nikwambie ukweli. Huyu mtoto hachomi. Anamwaga. Wasichana wa umri huu wanachoka na sindano, wanaimwaga kwenye godoro, wanakuja hapa kutuambia nachoma, nachoma. Dawa ninayompa ingemtosha mtu mzima wa mara mbili yake. Sasa inakwenda wapi?”

Bruhan hakuwa mtu wa kuhojiwa hivyo. Joto lilimpanda kutoka shingoni. Alimshika binti yake mkono, akamtoa nje ya pazia, na pale mbele ya benchi sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakuifahamu.

“Mwongo wewe! Naamka kwa ajili yako kila siku, na wewe unamwaga? Unataka nini, nife kwa aibu? Mwongo mkubwa!”

Nakato aliinamisha kichwa akajifanya anamfunga mjukuu wake kifungo.

Nusifa alisema polepole, “Baba, si wewe ndiye unanipa kichupa mkononi?”

“Nyamaza.”

Akanyamaza. Njia nzima hadi Walukuba alinyamaza, na nyumbani pia. Yule aliyekuwa msemaji wao akawa anaitika tu, ndiyo Baba, hapana Baba. Bruhan akachukua sindano, akawa anamchoma yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, akihesabu mpaka kumi kabla ya kuichomoa kama alivyoona kliniki. Damu haikubadilika. Basi, akaamua, atakuwa anakula vitamu kwa siri. Jinja ilikuwa imejaa vitamu, kila kona kuna muuza soda. Angempeleka kwa dada yake.

Nakisige, dada yake Bruhan, aliishi Nkoma, kule Mbale. Mumewe alikuwa karani, nyumba yao ilikuwa na geti, na watoto waliopita mikononi mwake walitoka wamenyooka. Hapo sebuleni palikuwa na friji kubwa iliyokufa zamani, na ndani yake Nakisige alipanga sahani.

“Niachie mimi,” alimwambia kaka yake. “Hapa hatakula hata pipi.”

“Na dawa?”

“Nitamchoma mwenyewe. Utatuletea barafu yako. Si unakuja kila siku ya soko?”

Kwa hiyo kasha dogo likahamia Mbale. Kila Taban alipoteremsha samaki sokoni, Bruhan alipanda boda hadi Nkoma na mfuko wa barafu mapajani, maji yakimlowesha suruali. Alibadilisha barafu, akanyunyiza chumvi, akamwuliza Nusifa hali. Nusifa alijibu, “Salama, Baba.” Kisha akashuka tena mjini. Nyuma ya nyumba, mgongo wa Wanale ulisimama umefunikwa ukungu, na Bruhan aliona kama hata mlima ule unamsikiliza asipokuwa na la kusema.

Katikati ya masika Nusifa akaanza kutapika. Tumbo lilimkaza chini ya kifua, likamchoma hadi mgongoni, asiweze kulala chali. Nakisige alimfungia chumbani, akakaa naye kitandani, akamwuliza kwa sauti ya chini jina la mwanamume.

“Mwanamume gani, senga?” Nusifa alimwuliza shangazi yake.

“Usinifanye mjinga. Msichana anatapika asubuhi, tumbo linamwuma, ananiambia mwanamume gani! Nitamwambia nini kaka yangu?”

Siku mbili alimwuliza hivyo. Siku mbili Nusifa alisema hakuna, na hakuaminiwa. Alikuwa ameshazoea.

Siku ya soko Bruhan alipofika alimkuta amekaa sakafuni ameegemea ile friji ya sahani. Alikuwa anavuta pumzi ndefu, nzito, kama mtu aliyetoka kukimbia, na mdomo wake ulinuka kama matunda yaliyooza. Bruhan hakumwuliza dada yake kitu. Alimbeba mgongoni, kasha la dawa mkononi. Dereva wa boda alisita, kisha akasema, “Mkae, mzee, mshike vizuri,” wakaenda hospitali hivyo, watatu, mvua ikinyesha.

Walipomtoa damu, mhudumu wa maabara alirudi mwenyewe kuitazama mara ya pili. Haikuwa na tabaka juu. Ilikuwa nyeupe yote, imechanganyika na wekundu, kama chai yenye maziwa mengi.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Racheal, mama wa makamo, mwenye mwendo wa haraka na maneno machache. Alimwekea Nusifa maji ya mshipa na insulini ya hospitali. Kisha akamgeukia Bruhan aliyekuwa amesimama ukutani, bado analowa.

“Dawa yake ya nyumbani mnayo?”

Hapo Bruhan alipata nguvu kidogo, kwa sababu aliulizwa kitu alichokifanya vizuri. Alikuwa amelibeba kasha. Alifungua, akafukua barafu, akafuta chembe za chumvi kwa shati lake, akamkabidhi kichupa kwa mikono miwili.

Racheal alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza juu chini. Hakuna kilichosogea ndani.

“Mzee, hii imeganda.”

“Ndiyo, Sista. Siku zote inaganda vizuri. Mimi ni mtu wa barafu.”

Racheal alimtazama. Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo wauguzi wa wodi ile hawakulifanya.

“Tangu lini unaiweka hivi?”

“Tangu jua lile kali. Mwaka juzi.”

“Kila siku?”

“Kila siku, Sista. Haijakosa barafu hata moja.”

“Na kliniki, waliwahi kukuuliza unaiweka wapi?”

“Waliniambia baridi.”

“Baridi, ndiyo,” Racheal alisema polepole. “Baridi, mzee. Si barafu. Hii dawa ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka, nguvu yake hairudi. Ulikuwa unamchoma maji yenye dawa kidogo sana ndani yake.”

Bruhan aliuliza neno moja lililokuwa limemkaa moyoni tangu ile siku ya Jinja. “Na mafuta? Tuliacha mafuta yote.”

“Si mafuta ya sufuria. Insulini haifanyi kazi ya sukari tu. Ndiyo inayoyafanya mafuta ya mwili yakae mahali pake. Ikikosekana, mwili unaanza kujiyeyusha wenyewe na kuyamwaga kwenye damu. Yale mliyoyaona ni mafuta yake mwenyewe. Ndiyo maana alikonda.”

Bruhan alielewa. Alishawaona mputa walioachwa juani bila kufunikwa, jinsi mafuta yanavyowatoka yenyewe na kutiririka kwenye mbao. Aliyatazama mabega ya binti yake juu ya kitanda. Kisha akatoka nje, akalimwaga lile kasha kwenye mtaro, barafu na chumvi na vyote, akabaki amelishika likiwa tupu, hajui aliweke wapi.

Kwa insulini ya hospitali, iliyokuwa chini ya nusu ya kipimo cha kliniki, sukari ilishuka. Damu ikaanza kurudi rangi yake. Juwairiya alifika kutoka Jinja na basi la asubuhi. Bruhan alimweleza wakiwa wamesimama kwenye baraza la wodi, kwa maneno machache kabisa. Juwairiya hakulia na hakumlaumu. Alisema tu, “Mtungi,” na kuingia ndani kwa mtoto wake.

Adhuhuri Nusifa alifungua macho akamtafuta baba yake, akamwona miguuni pa kitanda.

“Nusifa,” alisema Bruhan.

“Naam, Baba.”

“Haikuwa wewe.” Aliangalia viatu vyake, kisha akajilazimisha kuinua uso. “Ilikuwa barafu. Iliua dawa. Mimi ndiye niliyeiua.”

Midomo ya Nusifa ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

“Kwa hiyo nilikuwa nachoma.”

“Ulikuwa unachoma.”

“Na ukaniita mwongo.”

“Nilikuita.”

“Mbele ya watu, Baba.”

“Mbele ya watu.”

“Basi ukaseme mbele ya watu,” alisema Nusifa. “Si hapa. Kulekule, kwenye benchi. Hata yule mama wa kisima asikie.” Na kwa mara ya kwanza tangu aondoke Jinja akatabasamu, upande mmoja wa mdomo, kwa sababu alijua alichokuwa anamwomba. Alikuwa anamwomba baba yake asimame mbele ya watu azungumze.

“Nitasema,” Bruhan alisema. “Ukipona tutakwenda wote.”

“Nenda hata peke yako.”

Lakini yale mafuta yalikuwa yameshafanya kazi yake. Damu nzito vile, Racheal aliwaeleza baadaye, inaweza kuliunguza kongosho lenyewe, na ndiyo yale maumivu yaliyomfanya aulizwe jina la mwanamume. Tumbo la Nusifa likavimba, likawa gumu. Homa ikapanda. Madaktari walikuja wawili, wakazungumza mlangoni kwa sauti ya chini, na mmoja wao akatoka akaenda kupiga simu. Mama yake alimshika mkono wa kulia, baba yake wa kushoto. Alikufa asubuhi yenye mvua nyembamba, wakati wahudumu wa wodi walikuwa wanagawa uji.

Taban alikuja na pikapu. Alikuwa ameiosha mwenyewe kwa sabuni, mara mbili, ndani na nje, na bado aliomba msamaha kwa harufu. Nakisige alikuwa amekaa chini kwenye geti la hospitali. Mumewe, aliyetaka kusaidia, alimvuta Bruhan kando.

“Shemeji, jua limetoka na njia ya Jinja ni ndefu. Tungetafuta barafu kidogo, tumwekee pembeni.”

“Hapana,” alisema Bruhan.

“Ni kwa ajili ya njiani tu.”

“Asiwekewe barafu.” Alisema kwa sauti kubwa, hata Taban akageuka. “Tutakwenda sasa hivi. Taban, endesha.”

Taban aliendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, bila kupiga honi hata kwa mbuzi. Walimzika Jinja siku hiyohiyo kabla ya alasiri kwisha.

Bruhan hakurudi Masese. Watu walimtumia salamu, wakamwambia samaki wanamngoja. Alishinda nyumbani akikaa kwenye kizingiti. Juwairiya aliurudisha ule mtungi mdogo pembeni ya jiko, kwenye mchanga wake, akaumwagia maji kila asubuhi ingawa hapakuwa na kitu ndani.

Siku ya kliniki ya sukari ilipofika, Bruhan alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Alifika mapema, akasimama mlangoni, na watu waliokuja nyuma yake wakampita wakakaa. Benchi likajaa. Nakato alikuwapo, na mjukuu wake amelala kifuani pake. Pazia lilikuwa lilelile.

Aliangalia viatu vyake. Aliangalia viatu vya wale waliokaa, safu nzima, ndala na raba na viatu vya ngozi vilivyopasuka. Kisha akavua kofia.

“Samahani,” alisema. Hakuna aliyesikia. “Samahani, ndugu zangu.”

Muuguzi alichungulia. “Mzee, una kadi? Kaa, utaitwa.”

“Sina kadi. Binti yangu ndiye alikuwa nayo. Nusifa. Mlinisikia hapa nikimwita mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa anachoma kila siku kama alivyosema. Mimi niliiweka dawa kwenye barafu ya samaki, nikatia na chumvi, ikaganda, ikafa. Sikujua. Amefariki. Aliniambia nije niseme hapa, basi nimesema. Binti yangu hakuwa mwongo.”

Nyuma ya pazia, sauti ya daktari ilikuwa imekatika katikati ya sentensi. Mtu mmoja akasema inna lillahi. Bruhan alivaa kofia, akageuka aende zake.

“Bwana Barafu.”

Alikuwa Nakato. Hakuwa na utani wowote usoni. Alikuwa anamhamisha mjukuu wake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, huku akivuta mfuko uliokuwa miguuni.

“Ni ile yenye chumvi tu inayoua?” aliuliza. “Au hata barafu tupu? Mimi nanunua kwa muuza juisi.”

“Yako iko wapi?”

Nakato alitoa chupa ya chai kutoka mfukoni, akaifungua mfuniko. Ndani vipande vya barafu viligongana. Bruhan alirudi, akapiga magoti mbele ya benchi, akaingiza vidole ndani mpaka akakipata kichupa, akakifuta kwa kanzu yake. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza juu chini taratibu, na benchi zima likainama kuangalia kama kutasogea kitu.